Kadi ya Zamani ya Mwanamichezo Ina Thamani Gani? Mwongozo Kamili kwa Aliyeko Uganda

Swali hili halikomi. Mtu amekuta kadi za wachezaji, zile kadibodi ndogo zenye picha ya mwanamichezo, ndani ya belo la mitumba soko la Owino. Mwingine, shangazi yake aliyekuwa kyeyo (kazi za ughaibuni) London amerudi na sanduku. Wengine wanagawana vitu vya marehemu mzee wao, na humo mna albamu ya stika za Kombe la Dunia. Anaingia mtandaoni, anaona kadi kama yake imeandikwa dola 5,000, anaanza kuulizia viwanja Mukono. Mwishowe hapati mteja hata mmoja. Au, kwa kuchoka, anauza kwa elfu kumi kitu kilichostahili zaidi ya laki moja.

Makosa yote mawili yana mzizi mmoja: amesoma bei anayoiomba muuzaji, hakutafuta bei aliyolipa mnunuzi. Bei ya kuombwa ni matumaini tu. Mtu yeyote anaweza kuandika dola 5,000 juu ya kadi ya dola 5, na mtandao haumkatazi.

Wakusanyaji wengi wanaposema "kadi ya zamani" wanamaanisha iliyochapwa kabla ya 1980. Hatua zilizo hapa zinafaa pia kwa za miaka ya karibuni, ila huko bei hupanda na kushuka haraka zaidi.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Lenzi ya sonara inayokuza mara 10. Mafundi saa wa mjini wanajua inakopatikana.
- Rula ya chuma yenye milimita zinazosomeka vizuri.
- Mizani ndogo ya sonara, inayosoma hadi gramu 0.01.
- Tochi ya mwanga wa zambarau, kama ile wanayotumia watu wa forex kukagua noti.
- Vifuko laini vya plastiki vya kadi na vishikizio vigumu. Ukivikosa, tumia bahasha safi ya karatasi katikati ya vipande viwili vya kadibodi. Plastiki laini yenye harufu kali iache. Hugandamana na wino.
- Daftari, au jedwali kwenye simu.
- Bando la intaneti na akaunti ya eBay. Kufungua akaunti ni bure.
- Kadi moja ya bei ya chini kabisa kutoka seti ileile, ukiweza kuipata. Hii ndiyo kadi yako ya kipimo.

Onyo la kwanza, na ndilo linaloniuma kuliko yote: usilamineti kadi. Najua hapa kwetu cheti, kitambulisho na hata picha ya harusi vyote hupelekwa kulaminetiwa. Kadi iliyopita kwenye mashine hiyo imekwisha. Plastiki haitoki bila kung'oa karatasi. Usiifute kwa kitambaa kibichi wala usiinyooshe kwa pasi. Vumbi lipulize kwa mdomo uliokauka au liguse kwa brashi laini, basi.

## Hatua ya 1: Chambua kabla ya kutafuta

Usikae kutafuta bei ya kadi 400 mojamoja. Gawa mafungu matatu: wachezaji ambao hata asiyefuatilia mchezo huo anawajua, kadi za kabla ya 1980 za mchezaji yeyote, na zilizobaki.

Fungu la tatu ndilo litakalokuwa kubwa, na mara nyingi litajaa kadi za takriban 1987 hadi 1993. Miaka ile viwanda vya Marekani vilichapa kadi za besiboli na mpira wa kikapu bila kipimo, na kampuni ya Pro Set ikafanya vivyo hivyo kwa kadi za mpira wa miguu wa Uingereza msimu wa 1990/91. Watu walizihifadhi kwa mamilioni wakidhani zitawatajirisha, kwa hiyo hadi leo hazijaadimika. Hizo huuzwa kwa boksi zima, na huenda nauli ya kulisafirisha ikaizidi thamani ya kilichomo.

## Hatua ya 2: Ipe kadi jina lake kamili

Kabla hujajua bei, lazima ujue kitu hicho ni kipi hasa. Jina kamili la kadi lina mwaka, kampuni, seti, namba, mchezaji na aina ya toleo. "Kadi ya Pelé" haisaidii kitu. Kadi ya Pelé ya Alifabolaget, Sweden, 1958, namba 635, ni kitu kinachotafutika. Moja ya hizo yenye gredi 9 (gredi ni alama ya hali ya kadi, 1 hadi 10, inayotolewa na kampuni maalumu) iliuzwa dola milioni 1.33 mwaka 2022. Stika yake ya Panini ya Mexico 1970 ni kitu kingine, na picha yake iliyochapwa juzi kwenye kadi ya kumbukumbu ni kingine kabisa.

Geuza nyuma. Namba huwa huko, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, jina la mchapaji. Ukiona mwaka, usiuamini upesi: kadi nyingi huonyesha takwimu za msimu uliopita, hivyo kadi yenye takwimu za mwisho za 1970 kwa kawaida imetoka 1971.

Aina ya toleo hubadili bei kuliko watu wanavyodhani. Mfano mzuri ni seti ya besiboli ya 1952 ya Topps, kampuni ya Marekani. Kadi namba 1 hadi 80 zina migongo ya aina mbili, wino mwekundu na wino mweusi. Kadi namba 311 hadi 407 zilitoka mwisho wa msimu, watoto wakiwa wameshachoka, zikabaki ghalani. Baadaye, mwaka 1960, kampuni ikapakia masalio kwenye tishari na kuyamwaga baharini karibu na New York. Kadi ya mchezaji asiyejulikana kutoka fungu hilo la mwisho huweza kumshinda bei mchezaji mzuri wa namba za mwanzo.

Kwa stika, jambo la kuuliza ni moja: imebandikwa au haijabandikwa? Isiyobandikwa, yenye mgongo wake mzima, ndiyo inayotafutwa. Iliyomo ndani ya albamu iache humo. Ukijaribu kuibandua utapoteza stika na albamu kwa pamoja. Thaminisha albamu nzima, ukihesabu nafasi zilizo wazi.

Utajua umemaliza hatua hii ukiandika jina kamili kwenye sehemu ya kutafutia na picha zinazotokea zikafanana na kadi yako mbele na nyuma.

## Hatua ya 3: Ondoa shaka ya nakala

Kadi za thamani huigwa. Kadi ya Michael Jordan ya Fleer ya 1986, namba 57, imeigwa kiasi kwamba mimi siinunui kabisa ikiwa haijathibitishwa na kampuni ya gredi. Na si lazima nakala itoke mbali: wachapaji wa Nasser Road watakutolea karibu chochote utakachowapelekea, tena kikiwa kimependeza.

Angalia herufi kwa lenzi. Picha ya kadi halisi imejengwa kwa nukta ndogo za rangi, lakini maandishi meusi na mistari ya fremu kwa kawaida ni wino mzito, laini, usio na nukta. Aliyepiga skani na kuchapa upya hunasa kila kitu kwa pamoja, hivyo hata herufi zake zinakuwa za nukta. Kipimo hiki kimoja kinakamata nakala nyingi.

Pima ukubwa. Kadi za Kimarekani tangu 1957 kwa kawaida ni milimita 63.5 kwa 88.9. Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa zaidi, takriban 66.7 kwa 95.3. Kadi iliyopungua nusu milimita au zaidi upande mmoja huenda imekatwa makusudi ili pembe zilizochakaa zionekane kali. Kadi iliyokatwa ni halisi, lakini soko linaiadhibu vikali.

Pima uzito, ukilinganisha na kadi yako ya kipimo. Karatasi ya nakala mara nyingi huwa nyepesi au nzito kuliko ya seti halisi.

Mulika zambarau gizani. Karatasi za kabla ya miaka ya 1940 hazikutiwa kemikali za kung'arisha weupe. Kadi ya sigara (iliyowekwa ndani ya pakiti za sigara) inayodaiwa kuwa ya 1910 na inang'aa buluu-nyeupe kama shati jipya chini ya tochi, mrudishie mwenyewe.

Usikubali kipimo kimoja pekee kikuhukumie. Viwili vikikataa, acha.

## Hatua ya 4: Pima hali yake bila huruma

Hapa ndipo pesa zilipo. Kadi ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle ya Topps 1952, namba 311, yenye gredi 9.5, iliuzwa dola milioni 12.6 Agosti 2022. Kadi hiyohiyo, namba hiyohiyo, ikiwa na gredi 1, huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Tofauti yote hiyo ni pembe, mikunjo na weupe wa karatasi.

Makampuni makubwa ya gredi, yaani PSA, SGC na Beckett, hutumia kipimo cha 1 hadi 10. Huhitaji kulingana nao kikamilifu. Unahitaji kujua tu kadi yako ipo kundi gani.

Kaa karibu na dirisha asubuhi, ishike kadi kwa kingo, iinamishe taratibu mwanga uteleze juu yake. Mikunjo isiyoonekana ukiitazama wima itajitokeza. Kagua kwa mpangilio huu:

1. Mikunjo. Mkunjo uliovunja rangi unaishusha kadi hadi gredi 1 hadi 3, hata kama pembe zote ni kali. Wauzaji huupiga picha kwa namna ya kuuficha. Ukinunua, omba picha ya pembeni.
2. Pembe. Zikiwa duara kabisa bila mkunjo, fikiria 3 hadi 4. Zikiwa na manyoya kidogo, 5 hadi 6. Kali hata chini ya lenzi, 7 kwenda juu.
3. Katikati. Pima ukingo mweupe wa kushoto na wa kulia. Milimita 3 na 2 ni 60 kwa 40, na hiyo inakubalika. Milimita 4.5 na 0.5 ni 90 kwa 10. Mnunuzi ataliona hilo kabla ya jina la mchezaji.
4. Uso na mgongo. Madoa, kalamu, gundi, alama za raba. Mtoto aliyeandika jina lake nyuma mwaka 1965 alipunguza nusu ya bei, pengine zaidi.

Sisi tuna adui wa ziada: unyevu. Kadi iliyokaa miaka kwenye stoo ya Kampala au Jinja hupata vidoa vya hudhurungi vya kuvu na harufu ya uvundo. Inuse. Harufu haionekani kwenye picha, na mnunuzi akiisikia baada ya kufungua bahasha atadai pesa zake.

Ukishaamua gredi, ishushe kwa moja. Macho ya mwenye mali hupendelea. Kisha mpe mtu asiyehusika aikague. Akija na namba ileile au iliyo karibu, endelea.

## Hatua ya 5: Tafuta bei zilizolipwa

Ingia eBay, andika jina kamili, kisha kwenye vichujio chagua vitu vilivyouzwa tayari. Usiposhika kichujio hicho unasoma matumaini ya watu. Utapata mauzo ya takriban miezi mitatu iliyopita. Kwa kadi za bei kubwa, nyumba za mnada kama Heritage na Goldin huweka kumbukumbu za miaka mingi, na PSA ina orodha yake ya bei za minada.

Kuna mtego: bei ikiwa imekatwa mstari, maana yake muuzaji alikubali pungufu. Tovuti ya 130point huonyesha kiasi kilichokubaliwa hasa. Bila kuangalia huko unaweza kuandika dola 100 kwa kitu kilichoondoka kwa 62.

Sasa andika mauzo matano au zaidi ya kadi yenye hali kama yako. Yenye gredi rasmi ilinganishe na yenye gredi rasmi, isiyo nayo na isiyo nayo. Usichanganye.

Tuseme umepata dola 41, 55, 60, 64 na 190. Ukitafuta wastani unapata 82, kwa sababu ile 190 imevuta zote juu. Huenda wawili walishindania usiku wa manane, au mnunuzi hakulipa kabisa. Zipange kutoka ndogo hadi kubwa, chukua ya katikati: 60. Hiyo ndiyo bei ya dunia ya kadi yako.

Tazama tarehe pia. Kadi ile ya Jordan ya Fleer yenye gredi 10 iliuzwa dola 738,000 Januari 2021. Kabla mwaka haujaisha, nyingine za gredi hiyohiyo zikawa zinauzwa kwa chini ya nusu. Aliyetumia bei ya Januari kununua mwezi Septemba aliumia.

## Hatua ya 6: Ilete bei hiyo Kampala

Miongozo ya Wamarekani huishia hatua ya tano, kwa sababu wao sanduku la posta liko mlangoni. Sisi bado. Dola 60 zilizolipwa Ohio si shilingi zake zilizobadilishwa tu.

Chora mistari miwili: sakafu na dari.

Sakafu ni kile ambacho muuzaji angebaki nacho kama angeuza nje mwenyewe. Chukua 60. Toa ada ya mtandao wa mauzo, takriban asilimia 13: 7.80. Toa usafirishaji wenye namba ya kufuatilia. Kauliza Posta Uganda na makampuni ya vifurushi, hapa tuseme 15. Toa gharama za kupokea pesa, tuseme 2.20. Zinabaki dola 35. Dola ikiwa shilingi 3,600, hizo ni 126,000.

Dari ni kile ambacho mnunuzi aliyeko hapa angelipa kuiagiza kutoka nje. Dola 60, na usafirishaji 15, inakuwa 75. Ongeza VAT ya asilimia 18 ya Uganda, 13.50. Jumla 88.50, yaani shilingi 318,600. Nimehesabu VAT peke yake. Waulize URA, mamlaka ya mapato, kama kifurushi chako kitatozwa kingine.

Bei ya haki baina ya wakusanyaji wawili hapa Uganda iko kati ya 126,000 na 318,600. Nafasi ni pana, najua. Mimi huanzia bei ya dunia, 216,000, kisha nashuka kuelekea sakafu, maana wanunuzi wetu ni wachache na muuzaji anayesubiri dari atasubiri sana. Napanda kuelekea dari pale tu kadi inapokuwa ya mchezaji anayependwa hapa: nyota wa Arsenal au Manchester United ana wateja Wandegeya na Busia, mchezaji wa besiboli hana.

Mfanyabiashara anayenunua ili auze atakupa chini ya sakafu. Huo si wizi. Anabeba hatari na kazi ya kuuza. Akikupa chini ya nusu ya sakafu, mshukuru na ondoka.

## Hatua ya 7: Kadi isiyo na mauzo ya kulinganisha

Hili huwapata hasa wanaotafuta wanamichezo wetu. Tuseme umekuta kadi au stika ya Ulaya ya John Akii-Bua, aliyetwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich 1972 kwa rekodi ya dunia ya sekunde 47.82. Au ya bondia Ayub Kalule, au ya bondia John Mugabi aliyepigana na Marvin Hagler mwaka 1986. Unatafuta mauzo, hakuna hata moja.

Tumia majirani. Tafuta seti ileile, hali ileile, kisha andika bei mbili: ya mwanariadha wa kawaida na ya nyota mkubwa wa seti hiyo. Yako itaangukia katikati yao. Duniani, mshindi wa dhahabu ambaye hana wakusanyaji wengi hukaa karibu na yule wa kawaida. Ila hapa nyumbani mnaweza kuwa wawili au watatu mnaomtaka Akii-Bua kwa moyo wote, na hapo majirani hawakusaidii tena. Kinachoamua ni nani mwingine yumo chumbani. Ukiwa muuzaji, waalike wote waitazame siku moja. Ukiwa mnunuzi, nenda peke yako na mapema.

## Je, uipeleke kupigwa gredi?

Kwa kadi nyingi zinazopatikana Uganda, hapana. Ada na usafirishaji wa kwenda na kurudi hula makumi ya dola kabla hujaona matokeo. Fanya hesabu: bei ya katikati yenye gredi unayoitarajia kwa ukweli, toa bei ya katikati isiyo na gredi, toa gharama zote. Kisichobaki na faida nzuri kiache kama kilivyo. Ninazopeleka ni zile ambazo mnunuzi hatanilipa bila uthibitisho, kwa sababu ya wingi wa nakala.

## Siku ya kuuziana

Nenda na daftari lenye mauzo yako matano. Ukimwonyesha mtu tarehe na bei, mabishano hupungua sana. Atabishana nawe kuhusu hali ya kadi, na hapo mna lenzi mkononi. Mwachie mwenzako nafasi ya kupunguza, kama sokoni kwingine. Anayetaka 180,000 aanze na 210,000.

Mkutane mahali penye mwanga na watu. Ukilipwa kwa mobile money, subiri ujumbe wa kampuni yenyewe na angalia salio, usitazame ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Kubalianeni nani anabeba gharama za kutoa, ukikumbuka na ule ushuru wa asilimia 0.5 unaokatwa wakati wa kutoa pesa.

Kisha pigeni picha ya kadi mbele, nyuma na pembeni, na muandikiane jina lake kamili, hali mliyokubaliana na bei. Wiki ijayo mtu akirudi akidai ameona mkunjo mpya, mtafungua picha.